Phelesia Hakusubiri Vanishi Ikauke

Siku ya kwanza Nchagwa kumwona Phelesia, alikuwa anakuja nyuma ya mkokoteni katikati ya mji wa Migori, mkono mmoja juu ya mota ya kinu kama mtu anayesindikiza jeneza, mkono wa pili ukimwonyesha mwenye mkokoteni mashimo ambayo tayari ameyapita. Mota ilikuwa imeungua. Ilinuka tangu stendi.

"Wewe ndiye fundi wa kusuka mota?"

Nchagwa akaangalia viatu vyake. Momanyi, fundi wa kuchomelea waliyegawana naye kibanda, akamjibia. "Ndiye huyo, mama. Kilichoungua kwake ni ulimi. Mikono iko sawa."

Mama huyu alitoka Homa Bay, ambako alikuwa na kinu cha kusaga mahindi asubuhi na omena, dagaa wa ziwani, ya chakula cha kuku alasiri. Si kwamba Homa Bay haina mafundi. Wako wengi, ila Phelesia alikuwa ameshagombana nao wote, na kwa ukarimu wake akaona Migori nayo isinyimwe.

Nchagwa akatoa waya zilizoungua, akapanga karatasi mpya, akasuka koili za shaba mpaka zikalala kama nywele zilizosukwa na dada wa saluni. Ikabaki vanishi. Hiyo ni nzito kama asali, na humwagwa kwenye koili mpaka zishibe. Kisha mota huwekwa ndani ya pipa lenye balbu kubwa, ikaushwe kutwa nzima. Bila hivyo waya hutikisika, husuguana na kupiga shoti. Nchagwa alimweleza Phelesia haya yote kwa ufasaha mkubwa, moyoni mwake.

"Hiyo ni nini?" Phelesia aliuliza alipoona mkebe.

"Vanishi."

"Ya nini?"

"Inashika... inashika waya."

"Yawa! Waya ziko ndani ya chuma, nani atazitazama? Mota yangu inaenda harusini? Funga, omera, ndugu yangu. Watu wananingoja na mahindi."

Nchagwa akafunga. Hakuwa mtu wa kubishana, hasa na mwanamke mwenye macho kama yale.

Mota ikaungua, kama ilivyostahili. Phelesia akarudi nayo na kumtukana fundi mbele ya nusu ya soko, kuanzia elimu yake ya darasa la saba mpaka umbo la kichwa chake. Nchagwa alisikiliza kama mtu anayesomewa salamu zake kwenye redio. Hata chai akamnunulia.

Safari hiyo Phelesia alikubali vanishi. Kukausha ndiko alikokataa. "Itakaukia njiani. Kwani Rongo hakuna jua?" Mota ikaondoka inadondosha. Ilipofika Homa Bay na kuanza kusaga omena, lile vumbi likanasa kwenye vanishi mbichi, mpaka koili zikawa kama samaki aliyepakwa unga akingoja mafuta. Hayakukawia. Mota ikajikaanga yenyewe, na nyumba ya kinu ikanuka hivi kwamba wateja waliapa unga wa Phelesia umetiwa dawa.

Aliporudi mara ya tatu, Momanyi alimvuta Nchagwa pembeni. "Ndugu yangu, fikiria vizuri. Siku utakayomkaushia huyu mama mota yake sawasawa, hutamwona tena. Mimi ningekuwa wewe, ningemsukia kwa uzi wa kushonea."

Nchagwa alifikiria. Tuseme ukweli, alifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyompasa fundi mwaminifu.

Lakini Phelesia hakuwa na matusi siku hiyo, na hilo ndilo lililomtisha. "Wateja wangu wamehamia kinu cha dizeli ng'ambo ya barabara," alisema. "Hii ikiungua tena, nauza kinu na kurudi kuanika omena ya watu."

"Leo haitoki hapa mpaka ikauke," sauti ikasema. Nchagwa mwenyewe aligeuka kuona ni nani aliyesema.

Basi Phelesia akakaa kutwa nzima juu ya kreti la soda kando ya pipa, akiilinda balbu isije ikatoroka. Na kwa kuwa hakujua kukaa kimya, akasimulia. Mume wake alikwenda kisiwa cha Remba kuvua mbuta, akavua na mke mwingine hukohuko, kisha akatuma ujumbe kwamba anamkaribisha Phelesia awe wa pili. Yeye wa kwanza, awe wa pili! Hakwenda. Alianika omena ya wenye mitumbwi mpaka mgongo ukapinda, na kinu kile ndicho kitu cha kwanza maishani kuitwa chake.

"Wewe una mke?"

"Alifariki."

"Pole sana. Na unajipikia mwenyewe?"

"Eeh."

"Unapika nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

Nchagwa akafikiri sana. "Na chumvi."

Phelesia alicheka mpaka akashika pipa, akaungua kidole, akacheka tena. Akamtazama. Hapo palikuwa na nafasi ambayo mwanamume mwingine angepitisha lori. Nchagwa akainuka kwenda kugeuza mota.

Jioni vanishi ilikuwa imekauka hadi ukiigonga kwa ukucha inalia. Phelesia akaenda na mota yake.

Haikuungua. Mvua ikaja ikapita, mahindi yakavunwa, haikuungua. Nchagwa alikuwa ameifanya kazi vizuri kiasi cha kujiangamiza, na Momanyi hakuchoka kumpongeza.

Mwishowe akanunua shati, akapanda gari la Homa Bay, akijiambia anakwenda kukagua mota. Tangu Rongo alikuwa akipanga sentensi moja kichwani. Alikuta foleni ya akina mama imetoka nje ya mlango. Ndani, Phelesia alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, na mota ilikuwa inanguruma kwa afya tele, haitetemeki, hainuki, fahari ya fundi yeyote. Nchagwa akasimama mbele yake na kuisema ile sentensi yote, bila kuruka neno. Foleni nzima iliona midomo yake ikicheza.

Stima, umeme ambao katika mtaa ule hupotea mtu akikohoa, siku hiyo haikupepesa hata mara moja. Nchagwa alingoja mpaka gari la mwisho la Migori, kisha akaondoka bila kuaga, na hajarudi. Kwa hiyo yaliyobaki ni yale aliyojibiwa pale pale, kwa kelele, Phelesia akiwa ameinama juu ya kinu na kiganja nyuma ya sikio:

"Sisikii kitu, fundi! Kaa hapo kwenye gunia, stima ikipotea utaniambia!"