Siku Niliyojipa Babu wa Kwenye Kibao

Aibu yangu nawahadithia mwenyewe, maana Msamala nzima imeshanicheka, na muuza vitumbua wa pale kona kila akiisimulia anaongeza chumvi yake.

Barabara yetu mnaijua. Vibao vya majina vilipokuja, wazee walibishana mkutanoni, kila mmoja anamtaja babu yake aliyepigana vita (ukiwasikiliza, Songea hii hakuna babu hata mmoja aliyewahi kukimbia), mpaka mwenyekiti akachoka akaandika jina ambalo watu walikuwa wanalitumia siku zote: Gama. Na huyo Gama wala si shujaa, ni mzee aliyeharibikiwa na lori pale kona akienda Lusewa kupakia tumbaku, akasema anasubiri spea, na mpaka leo anaisubiri. Watu wakazoea kusema "nishushe kwa Gama", kuku wakazoea kutaga kwenye injini, mzee mwenyewe akazoea kushinda humo ndani akilinda mali. Hiyo ndiyo historia tukufu ya barabara yetu.

Mimi nami naitwa Gama, ila Gama wa ukoo mwingine. Babu yangu halisi alilima mahindi huko Namtumbo, akafa, na njia pekee iliyowahi kuitwa kwa jina lake ni ile ya kwenda kisimani kwake.

Sasa siku moja namsindikiza Shaibu, mchumba wangu, Myao wa Tunduru, akasimama chini ya kibao akauliza, "Gama ndiyo nyinyi?" Ningesema hapana, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Nikasema, "Babu mzaa baba." Akauliza alifanya nini, nikamwambia aliichonga barabara hii kwa jembe la mkono, akatoa na shamba lake ijengwe zahanati (zahanati ipi, msiniulize). Kisha, ili asije akataka kwenda kumwamkia, nikamuua. "Alishatangulia mbele ya haki," nikasema, na machozi kidogo nikayatoa, maana mimi nikifanya jambo nalifanya vizuri.

Nilichosahau ni kwamba kwao posa iko mikononi mwa mjomba. Na mjomba wake, Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa madini, alikuwa ananikataa kwa kuwa hajui nimetoka kwa nani. Aliposikia habari za babu akalainika siku hiyohiyo.

Walipokuja na barua ya posa hawakufika moja kwa moja nyumbani. Walishuka pale kwenye kibao, kanzu zimenyooshwa, Mzee Rajabu akasema haingii nyumba ya watu kabla ya kumrehemu mwenye jina, wakainua mikono kuomba dua. Nyumba yetu ni ya pili kutoka kona, kwa hiyo dirishani nilikuwa naona na kusikia. Nikamwona Mzee Gama anateremka kwenye lori lake, anajikung'uta manyoya ya kuku, anajipanga nao, anainua mikono, anaitikia amina kuwazidi wote. Dua ilipokwisha akauliza taratibu, "Nani tena katutoka?"

"Mzee Gama," Mzee Rajabu akamjibu kwa huzuni, "mwenye barabara hii."

"Lini? Mbona mimi sijaambiwa?"

Muuza vitumbua aliunguza kikaango kizima siku hiyo kwa kucheka.

Wakaja nyumbani, marehemu mbele, waombolezaji nyuma. Baba mdogo aliyekaa kupokea barua hakujua lolote, maskini. Nikaitwa. Mzee Rajabu aliutazama mkeka, akauliza, "Binti, ulisema babu yako alishafariki. Huyu ni nani wako?" Shaibu ameinamisha kichwa. Nampenda yule mtu, na hilo nalisema bila mzaha, nikajua nikifungua mdomo nimempoteza. Tena kule mkutanoni mimi ndiye niliyependekeza lile lori likatwe liuzwe chuma chakavu, na mwenye lori alikuwepo.

Mzee Gama akamgeukia Mzee Rajabu. "Huyu ni mke wangu."

Baba mdogo akapaliwa na chai.

"Mjukuu si mke wa babu? Tena naona mmenizika kabisa ili mniibie vizuri."

Mzee Rajabu akajizuia, ikashindikana, akacheka. Utani wa babu na mjukuu nani asiyeujua. Kwenye posa babu lazima akuwekee kigingi, nawe lazima umpe chochote anachotaka ndipo akupishe.

"Haya, marehemu," akasema, "tukufute machozi kwa kitu gani?"

"Gia boksi la lori langu. Siku lori likitembea, mchukueni."

Mzee Rajabu akampa mkono mbele ya mashahidi, na neno lake halirudi nyuma. Barua ikapokelewa, vigelegele vikapigwa, nami nikapiga, mjinga mimi.

Gia boksi limetafutwa Tunduru, likatafutwa Makambako, likatafutwa mpaka Dar es Salaam, na kila fundi anajibu kwamba malori ya aina hiyo hayatengenezwi tena. Shaibu amekonda. Babu yangu mpya amenenepa, anakula kwetu mchana na jioni, na kila siku, "Mke wangu, mboga haina chumvi." Nimeapa kwamba mtu akiniuliza tena habari za kibao chochote, hata cha choo, nitamwambia amuulize mwenyekiti. Lakini nimechelewa kuapa. Pale kona sasa tunaosubiri spea tuko wawili.