Ua Lililokataa Kasulu

Mama alikubali kuhama Kibondo aje kukaa na mimi binti yake Kasulu, kwa sharti moja. Alisema ataondoka na lile ua la baba, mti wa mpira uliokaa kwenye ndoo pale sebuleni tangu tukiwa shule ya msingi, na kwamba ua likiikubali Kasulu, naye ataikubali. Likikataa, nimrudishe kwake na nisimbembeleze tena. Nikasema sawa kabla hajamaliza kuongea.

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, sisi watoto tumetawanyika, na mama ana goti ambalo haliwezi tena kupanda na ndoo ya maji kutoka bondeni. Mara ya mwisho nilipomtembelea nilikuta amepika ugali wa watu wawili. Nusu ameila, nusu ameifunikia sahani na kuiacha mezani, upande wa baba. Nilirudi Kasulu nikiwa nimeapa kwamba mwanamke huyu hataendelea kula peke yake.

Basi tulilisafirisha ua kwa gari la kukodi, limelazwa kwenye viti vya nyuma, mama amelishikilia shina njia nzima kama mtu anayempeleka mgonjwa. Lilikuwa refu kunizidi, majani yake mapana na manene, kijani kilichokolea juu na wekundu kidogo mgongoni. Nililiweka kwenye kona ya sebule, karibu na dirisha. Mama nikampa chumba kinachopata jua la asubuhi. Siku za kwanza wote wawili, mama na ua, walinyamaza tu, nikajiambia ni uchovu wa safari.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu hospitalini ni kutazama damu na makohozi ya watu na kuwaambia madaktari kilichomo, si kile wanachodhani kimo. Kazi hii imenitia kiburi fulani, sikatai. Mtu akisema "hii ni malaria tu" kabla ya kipimo, nawashwa mwili mzima. Kwa hiyo jani la kwanza lilipogeuka manjano sikutapatapa. Ua likihamishwa hupukutisha jani moja mawili, hilo nililijua. Lakini yakafuata mengine, na yaliyobaki yakaanza kutoa madoa ya kahawia, makavu katikati, manjano pembeni. Hapo nikakubali kwamba tuna mgonjwa ndani ya nyumba.

Mama naye aliona. Kila jani lililoanguka aliliokota, akaliweka juu ya kizingiti cha dirisha, akalitazama. Mchana mmoja nilimkuta anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Siendi popote, mwana wanje. Nakunja tu." Nyumbani tunaongea Kiha, mwana wanje ni mwanangu, na mengi ninayoyaandika hapa aliyasema kwa Kiha, lakini kwa lugha yoyote ningemwelewa. Nguo za kukunja tu haziwekwi kwenye mfuko.

Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari, mama wa Kilimanjaro aliyepangiwa kazi huku zamani na hadi leo anasifia baridi ya kwao utadhani sisi tunaishi jangwani. Barazani kwake amejaza maua kwenye makopo ya rangi, na kwenye mambo ya maua habishiwi. Nilimwita. Akachomeka kidole kwenye udongo, akapapasa majani ya chini, akatikisa kichwa.

"Shikamoo mama," akamwambia mama yangu, kisha akanigeukia mimi. "Mnalizidishia maji, jirani. Ua likianza kufa kutoka chini, ujue mizizi inaoza. Lipunguzie maji kidogo."

"Maji nampa kidogo sana," mama akasema.

Tulipunguza maji, majani yakaendelea kuanguka. Nikaona nisiende kwa kubahatisha. Nikalitoa ua kwenye ndoo, nikatandaza gunia uani na kuichambua mizizi. Ilikuwa migumu, myeupe, hainuki. Mzizi uliooza ukiuvuta ngozi inabaki mkononi. Hii haikuachia kitu. Nikalirudisha. Mwalimu aliposikia alisema labda basi ni wadudu, wale wadogo wanaonyonya jani kwa chini. Nikachukua jani moja kwenda nalo kazini, na wakati wenzangu wanakula mimi nikaliweka chini ya darubini. Walinicheka sana. Nilitafuta chochote chenye miguu, sikukiona. Nilichoona ni vumbi jekundu lililogandamana, na vumbi sikulihesabu kuwa kitu. Ni nani ana nyumba Kasulu mwezi wa nane na hana vumbi?

Muuza pembejeo alinipa dawa ya ukungu. Niliipuliza jioni, lakini matone yalikimbia juu ya jani na kudondoka chini, nikasema ndivyo majani ya mpira yalivyo, yanateleza. Mbolea nilikataa, maana mgonjwa asiyekula huwezi kumlazimisha pilau. Mwishowe nikaona labda ni mwanga, nikalisogeza dirishani zaidi, lipate jua la mchana. Hapo ndipo nilipoliharibu kabisa. Madoa yakawa makubwa, majani yakaungua kama yamewekwa karibu na moto.

"Limekataa," mama akasema asubuhi moja, bila hasira. "Jumamosi kuna gari la Kibondo?"

Nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nilimwambia magari ya Kibondo yapo kila siku, lami imefika, hakuna haja ya kuuliza uliza, lakini makubaliano yetu yalikuwa ua likatae, si ua liumwe. Kuumwa si kukataa. Anipe mpaka mvua zianze. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto anayeomba asilale bado, akasema, "Ego," ndiyo ya kwetu, akaenda kuchambua maharage.

Jumapili hiyo nililigeuza. Sikuwa na wazo lolote la maana, nilitaka tu jua lipige upande mwingine, upande uliokuwa umeegemea ukuta. Nilipoizungusha ndoo nikabaki nimesimama. Majani ya upande wa ukutani yalikuwa mazima. Si yale ya juu peke yake. Hata ya chini kabisa, yale ambayo kwa maneno ya mwalimu ndiyo yangetangulia kufa, yalikuwa manene, ya kijani, yenye vumbi jepesi linalopeperuka ukipuliza.

Mizizi ni ileile, maji ni yaleyale, na kama ni ukungu au wadudu, hakuna ugonjwa wa namna hiyo unaoheshimu ukuta. Nikayaangalia tena yale yaliyoumwa. Yote yalikuwa upande wa sebuleni, na hayakupita kimo fulani. Juu ya hapo ua lilikuwa salama. Kitu hiki kilikuwa kinatoka nje ya ua, kinakuja kutoka mbele, na kinaishia pale mkono wa mtu aliyeketi unapoishia.

Nilichukua pamba, nikaitia spiriti, nikafuta jani moja gonjwa. Pamba ikatoka ya kahawia na inateleza. Nikaipeleka puani, na hata kabla haijafika nilikuwa nimekwisha kujua. Yalikuwa mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za michikichi, ambayo huku kwetu mtoto hupakwa akishaogeshwa na mtu mzima hujipaka ngozi ikikauka. Mama hanunui losheni. Ananukia mise tangu nimjue. Ile kona ya sebule ilikuwa ikinukia hivyo kwa wiki na wiki, nami pua yangu ilikuwa ikiniambia tu kwamba mama yupo.

Kesho yake niliomba ruhusa nikarudi mapema. Nilimkuta kwenye kigoda mbele ya ua, chupa ya mafuta miguuni. Alimimina kidogo kiganjani, akasugua viganja mpaka mafuta yakapata joto, akalishika jani kwa mkono mmoja chini na mwingine juu, akalipaka taratibu kutoka kikonyoni hadi nchani. Kisha akaligeuza, akapaka mgongo. Mgongo aliupaka zaidi.

Niliitambua mikono ile. Baba alipopata kiharusi alilala muda mrefu pale Kibondo, hajigeuzi, hasemi, na mama alimpaka mafuta asubuhi na jioni, mgongo zaidi ya mahali pengine, asipate vidonda. Alimgeuza hivyo hivyo, mkono mmoja chini, mwingine juu. Nilisimama mlangoni, nikasahau kuvua viatu.

Lakini nilikuwa na jibu, na mtu wa maabara mwenye jibu hawezi kukaa nalo. Niliketi mkekani karibu naye, nikamweleza vizuri, kwa upole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wanaokuja kwetu kujifunza. Kwamba jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vingi viko mgongoni. Kwamba jani linapumua kwa vitundu hivyo. Mafuta yanaviziba, vumbi linanata juu ya mafuta, jua likija linaunguza. Na dawa yake ni rahisi, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, tuyaoshe moja moja. Nilifurahi nikieleza. Hatimaye tumeujua ugonjwa, na tiba yake iko jikoni.

Mama alinisikiliza huku akijifuta viganja kwenye kitenge.

"Kumbe lilikuwa linakosa pumzi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na ninayeziba ni mimi."

 Aliendelea kufuta mikono, ingawa ilikuwa imekwisha kukauka.

"Baba yako mwishoni alivuta pumzi kwa shida," akasema. "Unakumbuka. Nami nilikuwa nimempaka mwili mzima, mwana wanje. Hata ile asubuhi nilimpaka."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mtu hapumui kwa ngozi, anapumua kwa pua na mapafu, na kwamba baba alipata nimonia, mwenyewe niliiona picha ya kifua chake. Nilimwambia wauguzi walikuwa wakiniuliza ni nani anayemtunza mzee yule, maana alilala muda wote ule bila kidonda hata kimoja. Yote ni kweli, nami niliyasema kwa haraka, moja juu ya lingine.

"Hata jani," akasema, "nilijua linapumua kwa juu."

Tangu siku hiyo hakuligusa tena ua. Niliyaosha majani mimi, kwa kitambaa laini, juu na chini, nikalirudisha ndani kidogo jua lisilipige moja kwa moja. Yaliyoungua kabisa niliyakata. Mama alikaa upande wa pili wa sebule, mikono ameificha ndani ya kitenge. Chupa ya mise niliikuta jikoni, nyuma ya gunia la mkaa, na mikono yake ikaanza kupauka na kupasuka kwenye vifundo. Niliweka losheni chumbani kwake. Hakuifungua.

Ua likaacha kupukutika. Baada ya muda, kabla hata ya mvua, likachomoza ncha nyekundu iliyochongoka, jani jipya bado limejikunja ndani ya ala yake. Nilimwita mama kwa sauti ya ushindi. Makubaliano ni makubaliano: ua limekubali.

Akaja, akainama, akalitazama bila kunyoosha mkono.

"Limekubali," akasema. "Limepata mtu anayelijua. Likae na wewe. Mimi Jumamosi nitakwenda."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na hoja tele, na zote zilikuwa na vitundu na mapafu ndani yake. Nikaziacha. Nilikwenda jikoni, nikaitoa chupa nyuma ya mkaa, nikarudi na kuketi mkekani mbele ya kigoda chake. Nikapandisha gauni mpaka magotini na kunyoosha miguu. Kiangazi kilikuwa kimeimaliza. Magamba kwenye miundi, visigino vimepasuka.

"Nipake," nikamwambia.

"Una mikono yako."

"Inachoka. Inashika vya watu kutwa nzima."

Hakuichukua chupa. "Sitaki kukuharibu na wewe," akasema polepole.

"Mama, mimi ninaongea. Nikikosa pumzi nitakwambia."

 Kisha akaketi, akamimina mafuta kiganjani, akayasugua mpaka yakapata joto. Alianza na kisigino. Mwanzoni aligusa kwa ncha za vidole tu, na kila baada ya muda alikuwa akinitazama usoni, anakiangalia kifua changu kinavyopanda na kushuka. Nilivuta pumzi kwa nguvu, aione. Nilikuwa nalia, sikujificha. Taratibu kiganja kizima kikalala juu ya muundi.

"Miguu ya baba yako kabisa hii," akasema. "Na unaenda nayo kazini mbele za watu, imepauka hivi."

"Ndiyo."

"Hii si ya siku moja. Ngozi imekauka ndani. Utapakwa mpaka mvua ziishe, halafu kitaingia kiangazi kingine."

Akamaliza mguu wa pili, akaongeza mafuta kiganjani, akanigusa bega.

"Geuka," akasema. "Bado mgongo."