Mkwe Alinyamaza, Nikadhani Amekubali

Shuleni kwetu, huku upande wa Newala, kila Jumatano saa nne na nusu kengele inagongwa na watoto wanagawanywa. Wakristo wanaingia chumba cha darasa la nne kwa katekista, Waislamu wanakwenda chumba cha mwisho kwa ustadhi. Shule ni ya serikali, uji wao sufuria moja, lakini kwa kipindi kile wanakuwa makundi mawili. Sikuwa na neno na jambo hilo mpaka lilipoingia nyumbani kwangu.

Mjukuu wangu nilimlea tangu binti yangu alipofariki, mtoto ana miaka minne. Binti yangu alikuwa Mwanglikana kama mimi, akaolewa na Mwislamu mwenye duka Masasi mjini. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo baada ya msiba hakuna aliyeuliza atakaa wapi. Baba yake alikuwa akileta sare, sabuni na madaftari, kisha anarudi zake.

Mtoto alikuwa darasa la tatu nilipomsikia anamenya muhogo huku anasoma sura kwa sauti, tena vizuri. Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Ustadhi, bibi. Mimi ndiye ninayewaanzishia wenzangu."

Kumbe walimu walitazama jina lake tu, jina la Kiislamu la mama mzaa baba, wakampeleka huko. Nikamwambia anyamaze, amenye muhogo.

Mwezi ule baba yake alikuja. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Haingii ninapopikia, hali chakula mbele yangu, na hanibishii. Basi alisimama nje ya uzio, mimi niko ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto nitamhamishia kwa katekista."

Nikamsikia anakohoa.

"Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Nikaona yamekwisha. Kesho yake nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu ni kijana wa kutoka bara, hana muda mrefu kwetu. Akanipa kiti.

"Baba yake anasemaje, bibi?"

"Amekubali."

"Amekwambia kwa mdomo wake?"

"Wewe mama mkwe wako unamwambia mambo kwa mdomo? Huku mkwe akinyamaza ametii. Wewe mgeni, andika."

Akacheka, akaandika. Mimi niliyeishia darasa la pili nikatoka pale nimemfundisha mwalimu.

Jumatano ya kwanza watoto walimpokea kwa kumcheka. "Shehe kaja kubatizwa." Wale aliowaacha kwa ustadhi nao wakakataa kunywa uji karibu naye. Akaja kwangu.

"Bibi, nirudishe."

"Utazoea."

Hakuzoea. Ikifika Jumatano akawa anatoroka, anajificha kwenye mikorosho mpaka kipindi kiishe. Walimu wakamgundua, wakamchapa. Alirudi viganja vimevimba. Nikavikanda kwa maji ya moto, na huku namkanda namgombeza. Jumatano iliyofuata akatoroka tena, wakamchapa tena, ndipo mwalimu mkuu akampigia baba yake simu.

Baba alikuja na kaka yake. Yeye alibaki barabarani, kaka mtu ndiye aliyeingia uani na kukaa mkekani.

"Mama, mdogo wangu hakuweza kukujibu, lakini hakukubali. Yeye na marehemu walipatana kabla mtoto hajazaliwa, kwamba atafuata dini ya baba."

"Mbona binti yangu hakuniambia?"

Akatazama mkeka. "Alikuogopa, mama."

Ni kweli, wanangu wote walikuwa wananiogopa, na mimi niliona hayo ndiyo malezi. Mtoto akaondoka nao siku ileile, begi la shule mgongoni, nami sikumzuia.

Korosho zilipokwisha kuokotwa nikateremka Masasi, nyumbani kwao Mkomaindo. Mtoto amerefuka, kajifunga ushungi. Mke wa baba yake akanikaribisha, akaniletea maji na ujumbe kutoka chumba cha pili: mtoto akitaka kurudi kwa bibi yake, arudi, baba hatamzuia.

Mtoto akakaa chini, karibu na miguu yangu.

"Bibi, nikirudi, Jumatano nitaingia chumba gani?"

Nilijua jibu analolitaka. Ningelisema, tungepanda basi pamoja. Lakini nilimkumbuka mama yake siku ya kipaimara, amepiga magoti na gauni jeupe nililomshonea kwa mkono, na moyo ukagoma.

"Kwa katekista," nikasema.

Akavuta nyuzi za mkeka.

"Basi nitabaki huku, bibi."

Hakulia, nami sikulia. Alinibebea kapu mpaka stendi, akanitafutia kiti cha dirishani, akashuka. Hajaja Newala tena. Na mimi, wakiniuliza leo, sijui kama ningejibu vingine.