Kiwiko cha Mkimbiaji

Jirani yangu mkimbiaji hampi mtu mkono. Ukimsalimia ngazini anakunyooshea kiwiko, na kwa kiwiko hichohicho huwasha taa na kusukuma geti. Ni mwembamba kama ufito, na viganja vyake vimechubuka kwa kunawa. Kila alfajiri, kabla ya kufunga kamba za viatu, hunywa glasi ya mtindi aliougandisha mwenyewe, amesimama, polepole, kama mtu anayehudumia wageni. "Nawalisha wapangaji," huniambia akijipapasa tumbo. Wapangaji ni bakteria wazuri. Anaamini ndio wanaoilinda kinga yake. "Mbio ndefu zinakuacha milango wazi, jirani. Mafua yanaingia bila hodi." Mwaka jana yaliingia wiki ya mashindano, akayatazama mashindano kwenye runinga, kajifunika blanketi.

Safari hii mbio zilikuwa Jumapili. Ijumaa dada yake akaja na bintiye mdogo, kamasi zikimchuruzika. "Usimguse mjomba, ana mbio!" mama mtu akapaza sauti. Mjomba alikuwa ameshanyoosha kiwiko. Mtoto, asiyejua taratibu za nyumba ile, alikidaka kwa mikono miwili akaning'inia, akicheka. Jirani alisita. Kisha akambeba, akamfuta pua kwa kiganja kitupu.

Jumapili alfajiri nilisikia, ng'ambo ya ukuta, mtu mzima akipiga chafya. Mlango wa friji ukafunguliwa, na baada ya kitambo, ule wa nje.