Vijana wa Magunia

Ipo siku moja ya Mutsamudu, kule kisiwani Ndzuani, ambayo hainitoki, mwanangu, na kwa kuwa umepanda mpaka hapa Mvouni kuniambia umeandikishwa askari, kaa chini nikusimulie. Chai ipo. Usitazame saa, wakubwa wako bado hawajaanza kukudai.

Mimi ni mtu wa Moroni, Ngazidja, unajua. Nilipoingia uaskari tungali chini ya Mfaransa, na Moroni hawakuniacha. Ndivyo walivyotupanga: Mngazidja apelekwe Ndzuani, Mndzuani aletwe Ngazidja, wa Mwali aende kokote ila kwao, na katikati yetu wachanganywe Wamalagasi wasio na shangazi wala mjomba huku visiwani. Hawakutaka askari aende kukamata mtu akamkuta mama yake mkubwa mlangoni. Amri zilikuwa za Kifaransa, matusi kila mtu kwa lugha ya kwao, na kambini tuligombania sufuria za wali kuliko tulivyogombana na wezi. Lakini kazi ilikwenda.

Mutsamudu mwanzoni ilinitisha, sikufichi. Vichochoro vyembamba, kuta ndefu, jua la mchana linaingia kwa taabu. Nikipita na kofia yangu, mazungumzo yanakatika. Nasikia watu wanapumua nyuma ya milango na hakuna anayetoka. Nikitoa salamu, kimya. Waislamu wale, wacha Mungu, wananinyima hata salamu. Niliumia sana, nikazoea.

Mtu mmoja tu aliniitikia, Koko Zaharia. Koko ndiyo bibi, kwa kwetu. Alikuwa mjane, akiuza mikate mlangoni kwake, mkabala na kituo chetu. Kingazidja changu kilimchekesha, na Kindzuani chake kilinipita mbali, ila marehemu mumewe aliwahi kuishi naye Unguja, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili. Alikuwa amemlea mjukuu wake Halidi tangu mama wa kijana alipofariki. Kila asubuhi Halidi alimletea maji, akatua ndoo, akaombewa dua, akaenda zake.

Uhuru ukaja. Wafaransa wakafunga mizigo, Wamalagasi wakarudi kwao. Baadaye nchi ikashikwa na serikali ya vijana. Siwasemi vibaya kwa kila kitu, walitaka maskini ale, na walitaka harusi kubwa zisitufilisi. Ila katika ulinzi waliupindua mpango wote wa zamani. Mgeni hafai, walisema, kijana wa mtaa ndiye anayewajua wabaya wa mtaa. Ni kweli anawajua. Tatizo, na wao wanamjua. Basi vijana wale wakafunikwa nyuso.

Walikuja mchana kweupe, jua kali, mtaa mzima umefunga milango. Kila mmoja amevaa gunia kichwani, limetobolewa macho. Hakuna aliyesema neno, maana katika mji wako mwenyewe sauti yako inajulikana. Tulisikia nyayo tu. Nikawa naomba wapite, wapite, wakasimama mlangoni kwa Koko.

Watoto wa jirani walikuwa wameugua, na mtu alikuwa amesema Koko ni mchawi. Basi, hiyo ilitosha. Tulishaona waliochukuliwa kabla yake. Walinyolewa, wakapigwa, wakazungushwa mjini, na mzee mmoja alirudishwa nyumbani maiti. Sisi wageni tuliobaki kituoni tulikuwa na amri ya kutoingilia.

Koko aliinuka kwenye kigoda. "Karibuni, wanangu," akasema. "Ninyi watoto wa nani?"

Akageuka kwa huyu, akageuka kwa yule, akitafuta macho kwenye matundu, na kila aliyemtazama alijigeuza kidogo. Mwanangu, mimi nimeona maiti nyingi, lakini nywele zilinisimama siku ile, kwa vijana wazima waliosimama juani.

Sajini wetu, Bwana Madi, mtu mzima wa Mwali aliyenifundisha kazi, akavaa kofia yake vizuri, akavuka kichochoro, akasimama mbele ya Koko.

"Mimi ni Madi bin Kombo, wa Fomboni," akasema. "Nimekamata watu wengi, na kila mmoja nilimtajia jina langu kwanza, apate wa kumlaumu. Atakayemchukua mama huyu na ataje lake."

Niliona magunia yakiingia na kutoka mdomoni kwa pumzi. Mmoja alikohoa akajizuia. Kisha wa nyuma kabisa akaondoka, akafuata mwingine, mpaka kichochoro kikabaki kitupu. Sajini akanigeukia mimi niliyekuwa bado kizingitini mwa kituo. "Na wewe ulikuwa unamngoja nani?" akaniuliza. Muda si mrefu akafukuzwa kazi, nikamsindikiza bandarini akarudi kwao.

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake Halidi akaja na ndoo kama kawaida, na Koko akamtazama miguu kabla ya uso, maana magunia hayakufunika miguu. Hakumwombea dua. Maji yale hakuyanywa, aliyamwaga. Ikawa kila kijana anayekuja kununua mkate anatazamwa miguu. Mwisho akaacha kuuza.

"Wewe ulikuwa karibu," alikuwa akiniambia. "Wangu alikuwemo?"

Nikamwapia sijui, na kweli sikujua. Aliniuliza mpaka nilipohamishwa. Halidi naye hakuacha kuleta maji.

Koko alifariki baada ya serikali ile nayo kuanguka. Nilisafiri kutoka Moroni kwenda kuzika. Tulipomaliza, Halidi, sasa mtu mwenye ndevu, akanishika mkono, akanivuta pembeni ya makaburi.

"Mzee," akasema polepole, "uliwahi kumwambia?"

Sikuwa nimejua kuwa alikuwemo mpaka aliponiuliza. Miaka yote ile aliniogopa mimi, akidhani nilimtambua, na Koko alikuwa akimngoja yeye aseme.

Basi sikiliza, mwanangu. Watakupeleka mbali, au watakuweka hapa hapa kati ya jamaa zako, hilo si lako kuchagua. Amri usiyoweza kuitekeleza uso wazi na jina lako limetajwa, mrudishie aliyekupa, hata ikikugharimu kazi. Na ukishakosa, nenda ukaseme mtu angali hai. Aliyemo kaburini humwambii kitu. Mungu akulinde huko uendako, akupe moyo wa Sajini Madi kuliko wangu, na kila mlango utakaoubisha, ukitaja jina lako, wenye nyumba wafungue bila hofu.