Kundi la Mama wa Sabato

Kazi yangu ni kuchagua watu ambao sitawahi kukutana nao. Ninaifanyia katika chumba cha kupanga mjini Migori, juu ya duka la mbegu, kwa niaba ya kampuni ya matangazo iliyoko Nairobi. Mteja akileta bidhaa, mimi ndiye ninayeamua itokee kwenye simu za watu gani, wapi na saa ngapi. Ukifungua ukurasa wowote kwenye simu yako, ile nafasi ya tangazo hupigwa mnada kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, na mitambo yetu hutoa bei kulingana na kundi nilimokuweka. Jina lako silijui. Najua uko upande gani wa nchi, una umri gani kwa kukisia, na nini kinakusumbua. Baada ya miaka sita ya kazi hiyo, macho yangu yalikuwa yameacha kuona watu.

Mwaka jana tulipata mteja aliyeuza unga wa mitishamba. Alidai unashusha sukari mwilini. Alitaka wanawake waliopita miaka hamsini, wa Migori na Homa Bay, ambao wamewahi kutafuta habari za ugonjwa wa sukari. Matangazo yalianza kutokea lakini hakuna aliyeyabonyeza. Siku ya tatu mkubwa wangu wa kazi alinipigia kutoka Nairobi.

"Mteja analalamika," alisema. "Wewe ndiye uko huko na hao watu. Fikiria kitu."

Nikafikiria. Niliwaza jinsi wanawake wa kwetu wanavyokaa Jumamosi alasiri, wametoka kanisani, wamekula, wamevua viatu, na simu iko pembeni inaimba kwaya. Nikaondoa tangazo kila mahali pengine, nikaliacha kwenye kurasa za nyimbo za dini na mahubiri, Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi na moja. Nikapendekeza maneno yawe ya Kijaluo, yenye maana hii: Umechoka na tembe kila siku? Pumzika sasa. Kundi hilo nikaliita Mama wa Sabato.

Jumamosi ya kwanza namba zilipanda hadi mkubwa wangu akanisifu kwa simu, ofisi nzima ya Nairobi ikisikiliza. Nilifurahi, sitaficha.

Mama yangu anaishi karibu na Kosele, huko Homa Bay. Ana sukari tangu nikiwa sekondari. Ni Msabato, ana miaka sitini na kitu, na simu yake nilimnunulia mimi. Mtu akisoma hapa atashangaa sikumfikiria. Hata mimi nimejiuliza sana. Nadhani kichwani mwangu mama alikuwa mtu, na wale wengine walikuwa kundi.

Wiki kama tano baadaye nilienda kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye kochi, amekonda, jagi la maji liko miguuni. Alikuwa akinywa kikombe juu ya kikombe. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa leso, na nilipoifungua kidole kidogo kilikuwa cheusi.

"Nilijigonga tu," alisema. Sisi wawili huzungumza Kijaluo. Hapa naandika nilivyoelewa. "Kitapona."

"Dawa unakunywa?"

Alitabasamu kwa uchovu, akaninyooshea kidole kabatini. Tembe zake za hospitali zilikuwa pale, pakiti hazijafunguliwa. Kando yake kulikuwa na mkebe wa unga wenye picha ya majani mabichi. Niliitambua ile picha kabla sijaushika.

"Nilikuwa nimeomba, nyara," alisema. Hivyo ndivyo anavyoniita, binti yangu. "Nilimwambia Mungu nimechoka na hizi tembe. Nikafungua wimbo, na pale pale kwenye simu nikaulizwa kama nimechoka. Kwa lugha yangu. Siku ya Sabato. Sasa hilo utaliita nini?"

Nilimtafutia gari, tukaenda hospitali. Muuguzi alimpima, akaangalia mashine mara mbili. Sukari ilikuwa juu kupita pale mashine inapoweza kusoma. Nilipomwonyesha mkebe alishusha pumzi.

"Hata huu umefika kwenu," alisema. "Siku hizi wagonjwa wanakuja nao kwenye mikoba."

Walimlaza. Siku ya nne walimkata kile kidole. Alipopata nguvu ya kukaa, nilimweleza. Nilianza na mnada, nikaona haelewi, nikaacha maneno ya kazi.

"Mama, ule ujumbe niliutuma mimi."

"Kwangu?"

"Kwa watu kama wewe. Mimi ndiye niliyechagua Jumamosi. Mimi ndiye niliyesema uandikwe kwa Kijaluo."

Mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa anamenya chungwa, na mama akabaki anautazama mkono wa yule mwanamke.

"Kwa hiyo hakuwa Mungu," alisema mwishowe. "Ni wewe."

Angenitukana ningevumilia vizuri zaidi.

Nilimpigia mkubwa wangu nikiwa uani pa hospitali. Alinipa pole, na nilisikia kwamba ni pole ya kweli. Kisha akasema mteja ameshalipia hadi mwisho wa mwezi. Nikamwambia siwezi kuigusa tena ile kazi na kwamba itaumiza wengine. Akasema ameelewa. Kesho yake kampeni ikapewa mwenzangu, na kundi langu likaendelea kufanya kazi vile vile nilivyolipanga, hadi mwezi ulipoisha na mteja akahamia kampuni nyingine. Kundi alihama nalo.

Sikuacha kazi. Watu hupenda kusikia kwamba niliacha. Nilikataa wateja wa dawa, nikabaki na wa mabati na wa mbolea.

Mama alirudi nyumbani na fimbo. Sabato ya pili baada ya hapo alisimama kanisani, saa ya shuhuda, akawaambia wenzake wawaonyeshe wauguzi chochote wanachonunua kwenye simu. "Ile simu haiwajui," alisema. "Kuna mtu ameketi mahali anawakisia." Nilikuwa benchi la nyuma. Hakunitaja wala hakunitazama.

Tulipotoka, wanawake watatu walimfuata na simu zao, naye akawaleta kwangu chini ya ukuta wa kanisa. Nilikaa nao hadi jua likapunguza ukali, nikiwaonyesha pa kubonyeza ili tangazo lisirudi. Lingine hurudi tu, nikawaambia hivyo pia. Mama alikuwa ameegemea fimbo yake, akingoja nimalize twende tukale.