Unga Mweupe Mlangoni mwa Kanisa

Watu wa Nyaramba walikuwa wepesi wa kumwita mtu mchawi kuliko kumkaribisha chakula. Mwaka wa 1968 zamu ilimfikia Gesare, mjane aliyetunza maua ya kanisa bila malipo, na kosa lake lilikuwa majani meupe.

Maua yenyewe yalikuwa dalia. Mtoto akiletwa kanisani kuombewa, wazazi wake walimpandia dalia moja kando ya mlango. Kung'oa ua la mtoto wa mtu ilikuwa ni kumtakia kifo, kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Watoto wakazidi kuzaliwa, dalia zikasongamana chini ya mikaratusi mpaka upepo ukakosa pa kupita. Mwaka huo majani yakageuka kana kwamba yamenyunyiziwa unga.

"Huo ni unga wa omorogi, wa mchawi," alisema Esnah, kiongozi wa akina mama. "Na nani hushinda hapo kila siku?"

Anashinda hapo kwa sababu anawapalilia, enyi msio na haya! Lakini nani angemwambia Esnah hivyo? Jumapili baada ya ibada Gesare aliandaa chai kama kawaida, na hakuna aliyegusa kikombe. Akina mama waliwavuta watoto wao kando. Alirudi na birika lake limejaa, akalimwaga nyuma ya nyumba, akalia kwa hasira tupu.

Alipoacha kulia, macho yake yaliangukia maboga. Yale yaliyotambaa chini ya migomba yalikuwa na unga uleule. Yale ya juani yalikuwa safi. Akasugua jani moja kwa kidole. Unga ukatoka, na chini yake jani bado la kijani. Baada ya siku chache ukarudi palepale. Basi mchawi gani huyo anayehangaika na maboga ya mjane? Ulikuwa ugonjwa wa majani, unaopenda kivuli na msongamano. Dawa aliijua: kukata yaliyougua na kuyachoma, kunyunyizia maji ya magadi na sabuni, na kupunguza mimea. Na kupunguza ndiko kung'oa.

Alichagua siku ya soko, mchana kweupe, ili wamwone vizuri. Aliweka jembe kwanza kwenye dalia ya Bonareri, binti yake aliyekufa kwa surua. Akina mama wakaja mbio, Esnah, mama yake Manasseh, akiwa mbele.

"Jamani, ameanza kuua watoto!"

"Wangu nilishamzika, Mama Manasseh," alisema Gesare, bila kuacha kuchimba. "Mtoto alikwenda, ua likabaki linachanua. Niambie, lilimkinga na nini?"

Gesare akaendelea kuchimba, akakata mashina, akamwekea kila mama mkononi kiazi cha dalia yake.

"Kapande kwako, juani. Mtoto wako hana neno."

Waliobeba walibeba wakinung'unika. Dalia chache zilizobaki alizinyunyizia magadi kila asubuhi ya Jumatatu, peke yake, huku wapita njia wakimkwepa. Hakuna mtoto aliyekufa. Zilipochanua, nyekundu na safi, Esnah alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa kuishinda kazi ya adui.

Kazi ya adui! Gesare alivumilia mpaka ibada ikaisha. Nje, watu wote wakiwa bado uwanjani, alimimina chai, akaenda moja kwa moja hadi kwa Esnah.

"Mungu umemshukuru, vizuri. Mimi mliniita omorogi mbele ya watu hawa. Kunywa mbele yao."

Esnah alimtazama mchungaji. Mchungaji alitazama viatu vyake. Esnah akapokea kikombe, akapiga funda moja, akataka kukirudisha.

"Yote," alisema Gesare.